Mgonjwa Harudi Peke Yake

Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi vijana ambao mkishasali alasiri hamuonekani tena majumbani mpaka jua litue, leo maneno yetu ni ya mpira. Pengine mzee mmoja atauliza, "Mwalimu wa chuoni na mpira, wapi na wapi?" Jawabu yake ni kuwa mpira ni jambo la watu, na kila penye watu pana haki za watu. Haki nitakayoieleza leo ni ya mchezaji aliyeshikwa na maradhi marefu, akakaa nje siku nyingi, kisha akataka kurudi.

Khabari za namna hii zikisimuliwa, aghlabu husifiwa mtu mmoja tu, yule aliyeugua. Husemwa kuwa alikuwa na moyo mkubwa, alistahamili, alishinda. Maneno hayo ni kweli, walakini ni nusu ya khabari. Nusu ya pili ni ya wale waliokuwa wazima wakati yeye anaugua. Wao walifanya nini? Walimwekea nafasi yake, au walimzika naye yu hai? Mgonjwa harudi peke yake. Hurudi akafunguliwa mlango, au hurudi akaukuta umefungwa.

Mfano wa kwanza u karibu nasi. Shomari Kapombe anajulikana na kila kijana anayesikiliza mpira kisiwani petu, awe wa Simba au wa Yanga. Ni beki wa kulia, na mara nyingine hutiwa katikati. Mwaka 2016, alipokuwa akichezea Azam FC, ilionekana kuwa ana damu iliyoganda katika mapafu. Maradhi hayo si madogo. Pande la damu huziba njia ndani ya pafu, mtu akakosa pumzi, na likiwa kubwa huweza kumuua kwa ghafla. Alipelekwa Afrika Kusini kutibiwa, akawa mbali na mpira. Mchezaji ambaye kazi yake ni kwenda na kurudi upande mmoja wa uwanja kwa dakika 90, kuambiwa kuwa mapafu yake yana dosari, ni kama nahodha kuambiwa jahazi lake linavuja naye yu katikati ya mkondo wa Pemba.

Mwaka 2017 Simba, klabu aliyokwisha kuichezea zamani, ikamchukua tena. Tangu msimu wa 2017/18 hata 2020/21 Simba ilitwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, naye alikuwa miongoni mwao. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 2018, aliumia mguu katika kambi ya timu ya taifa, akakaa nje tena, akarudi tena. Kisha tukafika tarehe 6 Agosti 2025, mashindano ya CHAN, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Tanzania na Mauritania zilikuwa hazijafungana na dakika zilikuwa zinakwisha. Aliyefunga bao moja lililotupa ushindi ni Kapombe, mwenye umri wa miaka 33. Wengi walioruka kwa furaha siku ile hawakuyakumbuka mapafu ya mwaka 2016. Lau angalihesabiwa wakati ule kuwa ni chombo kilichoharibika, kikawekwa kando, nani angalikuwapo mahali pale kulifunga bao lile?

Mfano wa pili ni wa mbali, nao una uchungu. Jonás Gutiérrez ni mtu wa Argentina, kiungo wa pembeni, aliyecheza Kombe la Dunia la mwaka 2010. Tangu mwaka 2008 alikuwa Uingereza akiichezea Newcastle United. Mwaka 2013, akiwa na miaka 30, alionekana ana saratani ya korodani. Alirudi kwao Buenos Aires akapasuliwa. Mwaka 2014 maradhi yakamrudia, ikambidi atiwe dawa kali zile ambazo hupukutisha nywele na kumwacha mtu hana nguvu hata ya kupanda ngazi.

Hapa nasimama kidogo niwaambie vijana jambo. Maradhi haya huwapata zaidi wanaume walio bado vijana, na yakitambulikana mapema wengi hupona. Linalowaponza ni haya. Mtu huona uvimbe mahali pa siri akanyamaza, hamwambii baba wala tabibu, mpaka uvimbe ukasambaa. Haya ni jambo jema, na sisi ndio tunaolifundisha. Walakini sharia yenyewe imeruhusu mgonjwa ajifunue mbele ya tabibu kwa dharura. Kufa kwa kuona haya hakukuamrishwa na mtu yeyote.

Turudi kwa Gutiérrez. Mwishoni mwa mwaka 2014 matabibu walimwambia kuwa amesafika. Tarehe 4 Machi 2015 aliingizwa uwanjani katika mchezo na Manchester United, na watu wa Newcastle wakasimama wakampigia makofi. Ilipofika tarehe 24 Mei, siku ya mwisho ya ligi, klabu ilikuwa katika hatari ya kushuka daraja, na ilikuwa lazima ijiokoe mbele ya West Ham. Gutiérrez alikuwapo tangu mwanzo. Bao la kwanza alilifunga Moussa Sissoko kwa mpira uliotoka kwake, na la pili, zikiwa zimebaki dakika tano, alilifunga mwenyewe. Newcastle ikasalimika.

Ungedhani hadithi imekwisha kwa kheri. Siku chache baadaye aliarifiwa kwa simu kuwa klabu haitampa mkataba mwingine. Alikwenda barazani kushtaki, na mwezi wa Aprili 2016 baraza la mambo ya kazi likahukumu kuwa klabu ilimbagua kwa sababu ya maradhi yake. Alikuwa na sharti katika mkataba kuwa akianza idadi fulani ya michezo ataongezewa mwaka, na baraza liliona kuwa alizuiliwa kucheza ili asiifikie idadi ile. Si madai yake yote yaliyokubaliwa, lakini hilo lilikubaliwa. Basi zingatieni: saratani haikumshinda, wala watu wa viwanjani hawakumsahau. Waliomhesabu kuwa amekwisha ni wale waliokuwa na kalamu na daftari mkononi.

Mfano wa tatu ni wa Stiliyan Petrov, kiungo wa Bulgaria, aliyeichezea nchi yake zaidi ya mara 100. Alikuwa nahodha wa Aston Villa ya Birmingham. Mwezi wa Machi 2012, baada ya mchezo na Arsenal, alishikwa na homa. Damu yake ilipopimwa ikaonekana ana saratani ya damu, tena ya namna ile iendayo mbio. Alikuwa na miaka 32. Jezi yake ilikuwa namba 19. Basi watu wa Villa wakafanya ada: kila mchezo ukifika dakika ya 19, uwanja mzima husimama na kupiga makofi kwa dakika moja, hata kama timu yao inafungwa. Waliendelea hivyo mchezo baada ya mchezo, na msimu mpya ukaingia nao hawajaacha. Mwezi wa Agosti 2012 ilitangazwa kuwa maradhi yametulia, na mwezi wa Mei 2013 Petrov akaaga mpira.

Lakini moyo wa mchezaji hauagi upesi. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 37, alirudi Villa kufanya mazoezi pamoja na timu, akitaka kujua kama mwili utakubali. Alipewa nafasi ya kujaribu majira yale yote ya maandalizi. Mwisho wake hakupewa mkataba, kwa kuwa miaka minne ya kukaa nje si mchezo kwa mtu wa umri wake. Baadhi ya watu watasema kuwa huyu hakurudi. Mimi nasema alirudi. Alivaa viatu, akakimbia pamoja na vijana ambao baadhi yao walikuwa watoto alipokuwa nahodha, akapimwa kwa haki, akaondoka kwa heshima. Hakunyimwa mlango, aliingia, akaona mwenyewe kuwa chumba si chake tena. Kati ya kupimwa na kufungiwa mlango pana tofauti kubwa.

Sasa tutazame kwetu Pemba. Gombani hapachezi Kapombe kila siku, wala viwanja vyetu vya Wete, Konde na Kengeja havina mabaraza ya mikataba. Lakini wagonjwa tunao, na timu za vijiji tunazo, na mashina ya minazi wanayokaa watazamaji tunayajua. Namjua kijana mmoja, aliyesoma kwangu, aliyekuwa kiungo wa timu ya kijijini kwao. Alipatikana na kifua kikuu. Dawa zake hunywewa miezi sita, na hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali. Wiki ya pili tu jezi yake ilikwisha kupewa mwingine. Hilo si kosa, maana timu haiwezi kucheza pungufu. Kosa ni lile lililofuata: hakuna aliyekwenda kumwambia. Aliiona jezi yake kwa mbali, imo mgongoni mwa mtu, alipokuwa akitoka kituoni kuchukua dawa.

Kisha akapata nafuu. Na mgonjwa wa kifua kikuu akinywa dawa zake sawasawa, aghlabu baada ya wiki chache tu haambukizi tena. Lakini alipofika barazani, kikombe alichonywea kiliwekwa mbali, na aliyekaa ubavuni mwake akakumbuka ghafla kuwa ana shughuli. Kijana akaacha kutoka. Lililo baya zaidi, akataka kuacha dawa, kwa kuwa aliona hata akipona hana pa kurudi. Nani angalibeba dhima lau angaliacha, maradhi yakajizoesha dawa zile yakawa sugu? Mama yake alimsimamia mpaka akamaliza. Siku hizi anacheza, si kwa kasi ile ya zamani, lakini anacheza.

Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya ndugu yake. Mtoto wa chuoni hulijua hili kabla hajajua kuandika jina lake. Walakini sisi tumeifupisha haki hii ikawa ya siku tatu za mwanzo: watu hujaa nyumbani, machungwa hujaa kapuni, kisha mgonjwa akasahauliwa. Maradhi marefu hayataki wageni wengi siku moja; yataka mtu mmoja kila wiki. Wale watu wa Villa hawakumpa Petrov fedha wala dawa. Walimpa dakika moja, lakini waliitoa kila mchezo, bila kuchoka.

Enyi wakubwa wa timu za vijiji, mwenzenu akiugua mwambieni nyinyi wenyewe kuwa nafasi yake inashikwa na fulani mpaka atakaporudi, asiambiwe na macho yake. Atakaporudi mpimeni kama mnavyompima mzima, msimwonee wala msimpendelee, kwani kumchezesha mtu kwa huruma naye hajapata nguvu ni kumdhulumu pia. Mwacheni tabibu aseme lini atakimbia.

Nawe uliyeugua, una fungu lako. Usifiche maradhi kwa kuogopa kupoteza jezi. Usiache dawa kwa sababu leo umeamka mzima. Usitake kurejea kwa siku moja hali uliyoichuma kwa miaka. Na ukiona kweli mwili umekataa, kama ulivyomkatalia Petrov, pana kazi nyingine nyingi katika mchezo: kuwafundisha wadogo, kupuliza firimbi, kuwatunzia wenzako vifaa. Hayo nayo ni kurudi.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto wenu akiulizia hali ya mwenzake mgonjwa, msimwambie "usiende usije ukaambukizwa" kabla hamjamuuliza tabibu kama maradhi yale yaambukiza. Tahadhari ni wajibu, bali woga usio na ujuzi humjeruhi mtu ambaye maradhi yamekwisha kumwacha.

Basi vijana, jioni ya leo, kabla hamjagawana pande mbili, tazamaneni mwone nani hayupo. Kama kuna mwenzenu ambaye mwezi umepita hamjamwona, wawili kati yenu wasicheze leo; waende kwao wakabishe hodi.

Wabillahi tawfiq.