BOMA LA TANGA SI LA PICHA TU

Wapo wasemao kwamba nyumba ya makumbusho ni starehe ya wageni. Kauli hiyo tumeisikia hapa hapa Tanga, tena vinywani mwa wenye vyeo. Tunaikataa.

Tazameni habari ya samaki silikanti. Wataalamu wa dunia walikwisha mhesabu kuwa ametoweka miaka milioni 65 iliyopita. Desemba 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Aliyemwona kwanza kuwa si samaki wa kawaida hakuwa profesa, bali binti Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho madogo ya mji wa East London. Samaki yule yumo mle mpaka leo.

Je, Tanga? Tangu 2003 wavuvi wetu wamemtoa silikanti kwa jarife mara nyingi. Mwaka 2009 Serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Vema! Lakini mtoto wa Ngamiani atamwona wapi? Azamie mita 100?

Na lile ua la Usambara? Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alimpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likabatizwa jina la ukoo wao, kana kwamba Wasambaa hawakuwa na macho wala ulimi. Leo linapamba madirisha ya Ulaya.

Boma la Wajerumani, walimokaa kututawala, sasa ni makumbusho ya Urithi. Zimo picha za zamani. Hatusemi ziondolewe, lakini nyingi za zama zile zilipigwa kwa jicho la bwana mkubwa, nazo peke yake hazitoshi. Tunataka silikanti akae bomani pamoja na jarife. Ua nalo liwekwe, liandikwe kwanza jina waliloliita wenyeji. Vigae vya Tongoni visikose, wala maandishi ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Sanaa na sayansi zikae chumba kimoja, kwani kwa mvuvi hazikutengana kamwe: asukaye jarife ni fundi, naye anajua mkondo wa bahari kuliko wengi wenye vyeti.

Madiwani watasema fedha hakuna. Binti yule wa East London alimbeba samaki wake, kilo 57, kwa teksi, dereva akinung'unikia harufu. Tunangoja jibu la Halmashauri.