Kompyuta pepe sawa, lakini msifunge maabara

Kila bajeti ya chuo kikuu inapobana, hakosi mtu kwenye kikao wa kusema: tufunge maabara za kompyuta, tununue kompyuta pepe, kila mwanafunzi aingie kutoka popote alipo. Wazo lenyewe silipingi. Mimi hula kwa kuandika programu, na seva nazipenda pengine kupita kiasi. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno "tufunge".

Kwa asiyezijua, kompyuta pepe ni hivi. Windows au Linux unayotumia haiko kwenye kasha lililo mbele yako. Iko ndani ya seva pamoja na za wenzako, na kinachokufikia ni picha ya skrini tu, nawe unarudisha mibofyo ya kipanya na herufi za kibodi. Si jambo geni. Mradi wa LTSP umekuwa ukifanya jambo linalokaribiana na hili kwa Linux tangu 1999, na kabla ya hapo wazee wa taaluma hii walikaa mbele ya skrini zisizo na akili zilizounganishwa kwenye kompyuta moja kubwa. Tunazunguka tu.

Faida zake ni za kweli. Aliyesoma chuo cha umma hapa Kenya anaijua maabara ninayoizungumzia: mashine arobaini, zinazowaka ishirini na kitu, kibodi haina herufi E, na kila flashi ikiingia inatoka na virusi. Fundi ni mmoja naye anazunguka na sidii ya Windows kama mganga. Kwa kompyuta pepe fundi huyo hutengeneza nakala moja safi, kila mwanafunzi akapata ya kwake, na akiiharibu inafutwa na kuanza upya kwa dakika chache. Programu ghali kama MATLAB au ArcGIS mwanafunzi anaweza kuifikia saa nne usiku bila kutafuta ufunguo wa mlango. Hapo nimekubali.

Sasa tuhesabu. Skrini inayotumwa kwa kazi ya kawaida, tuseme inakula megabiti 1 kwa sekunde. Ukicheza video au kusogeza ramani inapanda, lakini tuwe wapole. Megabiti 1 kwa sekunde ni megabiti 3,600 kwa saa, yaani MB 450. Bando la GB 1 linakwisha baada ya saa mbili na dakika kumi na kitu. Somo moja la maabara ni saa mbili au tatu. Kwa hivyo komredi anayefanya zoezi akiwa hosteli ya nje, isiyo na waifai ya chuo, ananunua bando zima kwa somo moja, na masomo anayo sita au saba.

Maabara ilipokuwepo, nani alilipia? Chuo. Mashine ya chuo, stima ya chuo, intaneti ya chuo. Ikifungwa, mashine ni yako, stima ni yako, bando ni lako. Kwenye vitabu vya hesabu vya chuo inasomeka kama akiba, lakini gharama haikupungua hata shilingi. Imehamishwa tu kwenye mfuko wa yule asiye na uwezo wa kuibeba.

"Lakini siku hizi wote wana laptopu." Nani wote? Binamu yangu yuko mwaka wa pili, anasomea kompyuta, na mashine yake ni simu. Python anaiandikia kwenye Pydroid na anajitahidi kuliko mimi nilivyokuwa. Nilimwekea kompyuta pepe kwenye hiyo simu nione itakuwaje. Skrini nzima ya Windows imebanwa kwenye inchi sita. Kidole kinafunika vitufe vitatu kwa mpigo, na kibodi ya simu ikijitokeza inaficha nusu ya kazi. Alivumilia robo saa, akacheka, akanirudishia. Kazi zake za hifadhidata anazifanyia maabara ya chuo, anafika kabla ya saa moja asubuhi apate mashine inayowaka. Mlango ule ukifungwa ataenda saiba, alipe kwa dakika. Na saiba hakuna atakayemruhusu kusakinisha PostgreSQL.

Kuna swali jingine ambalo sisikii likiulizwa: hiyo seva itakaa wapi? Ukikodi kwa Microsoft au Amazon, vituo vyao vikubwa vilivyo karibu nasi viko Johannesburg (tangu 2019) na Cape Town (tangu 2020). Nairobi hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya faiba huchukua milisekunde 29 kwenda na kurudi hata kama njia ingenyooka namna hiyo. Hainyooki, inapitia baharini. Na bahari ina mambo yake. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika zote mbili karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaenda kwa kuchechemea siku kadhaa. Tovuti ikichelewa unasubiri. Herufi ikichelewa sekunde nzima baada ya kuigonga, huwezi kufanya mtihani wa vitendo.

Leseni nazo zisisahaulike. Broadcom walipomaliza kuinunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata tu waliacha kuuza leseni za kudumu. Ukitaka, ulipe kila kipindi. Mfumo wa kompyuta pepe wa VMware wenyewe uliuzwa tena mwaka 2024, sasa unaitwa Omnissa. Chuo kilichokwisha kutupa mashine zake kina la kusema gani bei ikipanda?

Halafu kuna masomo yasiyokaa vizuri kwenye mashine pepe. Android Studio pamoja na imuleta yake inataka RAM ya GB 16, na imuleta yenyewe ni mashine pepe, kwa hivyo unaiweka pepe ndani ya pepe. Inawezekana, lakini ni jasho. Na mwanafunzi wa kompyuta anayemaliza miaka minne bila kufungua kasha, kuchomoa RAM au kubana waya wa mtandao kwa mikono yake, huyo tunampa cheti cha nini?

Ningekuwa kwenye kikao hicho ningeomba hivi. Seva inunuliwe na ikae chuoni. Wanafunzi 40 kwa GB 8 kila mmoja ni GB 320 za RAM, seva moja nzuri inatosha, mradi diski ziwe SSD za kasi, maana saa mbili asubuhi wote wataingia kwa dakika ile ile na diski za kuzunguka zitalala chini. Proxmox na Guacamole ni programu huria, hazidai leseni. Wenye laptopu waingie kutoka nje wapendavyo.

Na chumba kibaki wazi hadi usiku. Zile mashine kuukuu zisitupwe eti kwa sababu Windows 10 iliishiwa na msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Zipigwe Linux nyepesi, ziwe za kuonyesha skrini ya seva tu. Wanafunzi 40, hata kila mmoja akila megabiti 5, ni megabiti 200, na mtandao wa gigabiti ndani ya jengo hautausikia uzito huo. Bando la mtu haliguswi. Kinachohitajika ni swichi mbili za matundu 24, ambazo kwa pamoja hazifikii bei ya kompyuta moja mpya, na kibodi zenye herufi E.