Sanaa Imlilie na Mzamiaji

MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, Taifa zima liliomboleza. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, dua zikasomwa, na nyimbo za msiba zikaimbwa. Hiyo ilikuwa haki ya marehemu.

Lakini yuko marehemu mwingine wa majini ambaye hatangaziwi msiba. Huyu ni mzamiaji, yaani kijana anayejificha ndani ya meli ya mizigo ili afike ughaibuni. Kutoka karakana za maseremala wa Keko hadi bandarini si mwendo mrefu, na safari ya mzamiaji huzungumzwa sana katika mitaa ya Temeke. Wengine hupita nchi kavu hadi Durban na Cape Town, wakangojea meli huko. Kitabu cha Sean Christie kuhusu vijana hao wa Kitanzania kilitolewa mwaka 2016, kwa Kiingereza. Si haki msomaji wa Cape Town awafahamu vijana hao kuliko jirani zao wa Keko.

Vijiweni husimuliwa habari za aliyefika. Aliyekufa hana msimulizi. Hasemwi aliyejibana penye usukani, mawimbi yakipiga chini ya miguu yake. Wala aliyefungiwa pamoja na shehena iliyofukizwa dawa, akakosa hewa. Wako pia waliouawa. Mwaka 1984 wazamiaji 11 kutoka Kenya walilazimishwa kujitosa baharini karibu na Somalia na wakuu wa meli ya Kigiriki, Garyfallia. Mwaka 1992 wazamiaji wa Afrika Magharibi waliuawa ndani ya meli MC Ruby. Mmoja akaokoka, akatoa ushahidi, na wauaji wakahukumiwa nchini Ufaransa. Mwaka 1996 kisa hicho kilitengenezewa filamu. Sanaa iliwapa uhai wa pili watu ambao bahari ilikwisha kuwafuta.

Hapa nchini njia imekwisha kuoneshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao, mathalani mimba za wasichana, wakayaigiza na kuyajadili hadharani. Naye Remmy Ongala, katika "Mambo kwa Soksi", aliimba juu ya kinga ya UKIMWI wakati ambapo nyumba nyingi ziliona haya kulitamka jambo hilo. Redio ya Taifa ilikataa kuupiga wimbo huo, lakini wananchi waliusikia.

Kwa hiyo hapana budi vikundi vya ngoma, mchiriku na singeli vya Temeke, pamoja na wahitimu wa sanaa kutoka Bagamoyo, waulete msiba huu uwanjani. Maafisa utamaduni wawape nafasi, wala wasiwapangie la kusema. Mchezo wa kumkemea kijana peke yake hautafaa kitu. Kijana anaijua hatari. Anachouliza ni kazi gani inamngoja akibaki. Swali hilo liulizwe jukwaani, na wenye dhamana ya kulijibu wawe wamekaa mstari wa mbele.

Sanaa haiajiri watu, wala haizuii meli kung'oa nanga. Lakini yuko mama ambaye mwanawe hajulikani kama yu hai au amekufa. Hajui aweke matanga au aendelee kungoja. Hana kaburi la kulizuru, na majirani hawajui wampe pole au wanyamaze. Taifa lililojua kuwalilia abiria wenye tiketi linao wajibu wa kumlilia na huyu asiyekuwa nayo. Wimbo mmoja wa kweli, ukiimbwa Keko mbele ya watu, utamwondolea mama huyo upweke, na utamfikia kijana anayeitazama bandari kabla hajaingia melini.