Kansere ya watu wa mine: mwenye hajahesabiwa hana haki

Wandugu watumikaji, na ninyi wamama wenye munabeba muzigo ya nyumba, leo tuzungumuze juu ya ugonjwa wenye watu wengi wanaogopa hata kutaja jina lake: kansere. Hatutazungumuza juu ya dawa, ile ni kazi ya wanganga. Tutazungumuza juu ya hesabu. Kama hesabu haiko, hata munganga wa kweli anabaki mikono mitupu, na mujane anarudia kwake bila kitu.

Kuko mama mumoja alikuja ku biro ya sendika. Bwana yake alitumika chini ya udongo miaka 22, kisha akatumika mu kampuni ndogo yenye ilikuwa inachukua kazi ya kampuni kubwa. Alikohoa mwaka muzima, akakonda, akakufa. Mama alikuwa na karatasi ya hospitali: kansere ya mapafu. Aliniuliza neno moja tu: "Baba delege, ni kazi ilimuua?" Nilikosa jibu. Hakukuwa hata karatasi moja yenye kuonyesha ule baba alivuta hewa gani, mu galeri gani, miaka ngapi. Kampuni yake ya kwanza ilifunga, na fishi yake ya dispansere hatukuipata tena.

Ku CNSS, ugonjwa wa kazi unalipwa kama umejulikana kuwa ni wa kazi. Sasa, nani anaujulisha? Ni hapo tunafika ku utafiti, ku feza za utafiti, na ku vyombo vya kuweka hesabu pamoja. Tusifikiri ni mambo ya watu wenye masomo makubwa tu. Ni mambo ya posho ya mujane.

Dunia ilijua namna gani

Ku Schneeberg, mu Ujerumani, watu walichimba mulima miaka mingi sana na walikuwa wanakufa na ugonjwa wa kifua. Mu 1879 wanganga wawili, Härting na Hesse, walifungua miili ya wachimbaji wenye walikufa, wakaonyesha kwamba ni kansere mu mapafu. Leo tunajua sababu: radoni, gesi yenye haina harufu wala rangi, yenye inatoka mu majiwe yenye uraniumu. Lakini shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, lenye liko ku Lyon mu Ufaransa, liliiweka radoni mu kundi la kwanza, ni kusema vitu vyenye hakika vinaleta kansere kwa mutu, mu 1988. Tangu 1879 mupaka 1988 ni miaka 109. Watu walikufa ngapi mu ile miaka?

Sababu moja ya kukawia ni hii. Tuseme mine moja iko na watu 500, na kwa miaka 20 wanne wanakufa na kansere ya mapafu. Mukubwa wa kampuni atasema: "Hata mu mitaa watu wanakufa vile, na hawa walikuwa wanavuta sigara." Na kweli, sigara inaleta kansere ya mapafu, hatuwezi kukataa. Kwa watu 500, huwezi kumushinda. Lakini weka pamoja mine nyingi, maelfu ya watu, linganisha wale walivuta hewa mbaya sana na wale walivuta kidogo, ufuate hesabu miaka 40. Hapo ile maneno yake inaanguka.

Ni ile wenzetu wa ngambo walifanya. Kuko kazi moja inaitwa PUMA. Watafiti wa Ufaransa, Ujerumani, Tsheki, Kanada na Marekani waliweka pamoja liste za watumikaji wa mine za uraniumu. Walifika karibu watu 120 000. Kati yao, zaidi ya 7 700 walikuwa wamekufa na kansere ya mapafu. Karibu nusu ya majina yalitoka mu kampuni moja tu, Wismut, ya Ujerumani ya mashariki ya zamani. Kisha wakaangalia wale karibu 58 000 wenye waliingia mu kazi tangu 1960, wakati hewa ya mine ilikuwa imeanza kusafishwa. Hata kwa wale, kadiri mutu alivuta radoni zaidi, ndivyo hatari ya kansere ilipanda. Hakuna nchi moja ingeweza kuonyesha vile peke yake kwa nguvu ile.

Mufano mwingine ni moshi ya mazutu. Taasisi mbili za serikali ya Marekani zilifuata watumikaji zaidi ya 12 000 mu mine 8. Wenye mine walienda mu tribunali juu ya kutaka kuona kwanza zile karatasi. Mu 2012 matokeo yalitoka, na mwaka ule ule Lyon ikaweka moshi ya mazutu mu kundi la kwanza. Wandugu wenye wanaendesha mashine chini ya udongo, hii inawagusa ninyi. Na tuone pia somo la pili: kama feza za utafiti zingetoka mu mufuko wa wenye mine peke yao, je, ile hesabu ingetoka?

Shinkolobwe haimo

Sasa soma tena liste ya PUMA: Ufaransa, Ujerumani, Tsheki, Kanada, Marekani. Katanga haimo. Lakini uraniumu ya Shinkolobwe ndiyo ilitumika kwa sehemu kubwa ku kutengeneza bombe ya Marekani yenye ilianguka ku Hiroshima mu 1945. Majiwe yetu yaliingia mu historia ya dunia. Wazee wetu wenye waliyachimba hawakuingia hata mu hesabu ya wafu.

Tusikimbilie kusema ni ubaguzi tu, tukaishia pale. Juu ya kuingia mu utafiti wa namna ile, unahitaji vitu vitatu: liste ya majina na tarehe za kuingia na kutoka ku kazi, vipimo vya hewa, mwaka kwa mwaka, kila mahali pa kazi, na sababu ya kifo ya kila mutu. Kama kimoja kinakosa, mulango unafungwa. Basi tujiulize: leo, mu 2030 ama 2050, wenye watatafuta hesabu ya watumikaji wa Kolwezi, Likasi ama Fungurume, watapata zile vitu vitatu?

Swali ni la haraka juu ya kobalti. Mu 2022, Lyon iliweka chuma cha kobalti, na chumvi zake zenye zinayeyuka mu maji, mu kundi la 2A: inawezekana sana inaleta kansere kwa mutu. Walitegemea zaidi majaribio ya nyama na namna kobalti inaharibu chembe za mwili. Juu ya watu wenyewe, walisema ushuhuda hautoshi. Lakini zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu. Ule ushuhuda wenye kukosa, utatoka wapi kama hautoki mu mapafu yetu na mu damu yetu? Ushuhuda usipotosha, si kusema hatari haiko. Ni kusema bado haijahesabiwa.

Na tusiseme hatuna watu wa kuweza. Munganga Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Université ya Lubumbashi, pamoja na ile ya Leuven mu Ubelgiji, walipima kobalti mu mukojo ya watu wenye wanaishi karibu na mine. Mu 2018 walitangaza kazi yao juu ya Kasulo, mutaa wa Kolwezi kwenye watu walichimba kobalti mu viwanja vyao: mu mwili ya watu wa kule, zaidi ya watoto, kobalti ilikuwa mingi. Mu 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto wenye baba zao wanatumika kazi ya mine walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Zile kazi hazikupima kansere. Lakini zinaonyesha kwamba akili iko hapa, na ushirikiano unawezekana.

Chombo kiko, feza ziko

Watu watasema: "Delege, kuweka hesabu ya kansere ya probense muzima ni bei kali." Tuangalie. Lyon inatoa bure programu ya ordinatere inaitwa CanReg5, yenye ilitengenezwa juu ya kuandika wagonjwa wa kansere: ni nani, anakaa wapi, kansere gani, ilijulikana lini. Nchi nyingi za Afrika zinaitumikisha. Faida yake si bei tu. Kama Lubumbashi, Lusaka na Kampala wanaandika kwa namna moja, hesabu zinaweza kuungana. Kama kila hospitali inaandika mu kaye yake, kwa namna yake, hata munganga ya chumba cha pembeni hawezi kuisoma.

Lakini kwa watu wa mine kuko sanduku moja la kuongeza: kazi. Rejista yenye inaandika "mwanaume, miaka 58, kansere ya mapafu" bila kuandika "alichimba miaka 22 chini ya udongo" inasaidia munganga, haisaidii mujane.

Feza, sasa. Lyon yenyewe ilizaliwa mu 1965, kisha watu wa Ufaransa kumuandikia Jenerali de Gaulle mu 1963 barua yenye kuomba mataifa makubwa yatoe asilimia 0,5 ya feza za majeshi juu ya kupiganisha kansere. Mataifa hayakutoa kiasi kile, lakini shirika lilisimama. Sisi hapa tuko na sheria ya mine ya 2018. Inasema kampuni yenye kuchimba itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo ya kila mwaka juu ya maendeleo ya wenyeji. Fanya hesabu: kampuni yenye kuuza kwa miliari moja ya dolari, asilimia 0,3 ni milioni 3 za dolari, kila mwaka. Na asilimia 10 ya redevansi inaenda ku FOMIN, mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Masomo na visima ni vya lazima, sikatae. Lakini rejista ya kansere, na vijana wawili watatu wenye wanalipwa kuiandika kila siku, je, si maendeleo? Kizazi gani kitakuja kama hakijui kilichoua wazazi wake?

Woga wenye haki

Kuko wenzetu wenye wananiambia: "Nikikubali kuandikwa, kampuni itajua niko mugonjwa, itanifukuza." Ule woga una haki. Kwa hiyo tusikubali hesabu bila masharti. La kwanza: majina yabaki ku wanganga, yasifike ku biro ya watu wa kazi. Mu utafiti wa pamoja, mutu anapewa namba, jina linabaki nyumbani. La pili: mutu akubali yeye mwenyewe, mu luga yenye anasikia. Sheria ya numeriki ya 2023 inachunga habari za mutu, tuitumikishe. La tatu: matokeo yarudi kwetu, mu Kiswahili, kabla hayajasahaulika mu vitabu vya Ulaya. Tumechoka kutoa mukojo na damu bila kusikia jibu.

Na kuhesabiwa kunaweza kuleta feza. Mu Afrika ya Kusini, kama jamaa inakubali, mapafu na moyo wa muchimbaji mwenye alikufa vinaangaliwa na wanganga wa serikali. Wakikuta ugonjwa wa kazi, jamaa inaweza kulipwa, na kila jibu linaingia mu hesabu moja yenye ilianza mu 1975. Mu Marekani, sheria ya 1990 ilianza kulipa wachimbaji wa uraniumu wenye walipata kansere ya mapafu, sababu hesabu yao ilikuwa mbele ya meza. Wale wote walipigana kwanza juu ya kuhesabiwa.

Tufanye nini kuanzia sasa

Mutumikaji, chunga bilten zako za mushahara na kontra zako zote, hata za kampuni yenye ilifunga. Andika mu kaye: mwaka gani, kazi gani, mahali gani. Mama, bwana akikufa ku hospitali, omba karatasi yenye kuandikwa sababu ya kifo, uichunge sawa vile unachunga karatasi ya kiwanja.

Delege, mu kamati ya usalama na usafi, omba vipimo vya vumbi na vya radoni, na uombe viandikwe. Mu mazungumuzo ya konvansio kolektive, tuombe fishi za wanganga zichungwe miaka 40 kisha mutu kuacha kazi, sawa vile sheria ya Umoja wa Ulaya inaomba kwa watu wenye wanatumika na vitu vya kuleta kansere. Na kampuni ikifunga, zile fishi ziende ku serikali, zisiende ku moto.

Ya mwisho ni ya haraka kushinda zote. Mu 2003, zaidi ya watumikaji 10 000 wa Gécamines walitoka mu ile operesheni ya kutoka kwa kupenda. Wengi wao leo ni wazee. Kansere ya mapafu mara nyingi inakuja kisha miaka 20 ama 30. Ni kusema, ni sasa iko inakuja. Wenye wangali wazima wanakumbuka galeri zao, wenzao, vumbi yao. Kila mwezi tunazika mumoja, na kila mumoja anaenda na hesabu yake. Tuanze na wao, mutaa kwa mutaa, kaye mukononi. Rejista kubwa itatukuta tuko na majina tayari.