Kivuli Chetu Kinapotangulia Mtoni

Wengi wetu tukisikia habari za uvuvi katika Biblia huwaza nyavu. Petro na wenzake wanazitupa usiku kucha bila kupata kitu (Luka 5). Wanazivuta asubuhi zikiwa zimejaa (Yohana 21). Lakini katika Injili zote nne kuna mahali pamoja tu ambapo Bwana anamtuma mtu kuvua kwa ndoana. Ni Mathayo 17:27, pale Petro anapoagizwa aende ziwani, atupe ndoana na kumchukua samaki wa kwanza atakayeibuka. Ndoana moja, samaki mmoja. Hakuna umati wala mashua iliyoelemewa.

Mstari huo umenikaa moyoni tangu siku niliyoalikwa na rafiki kwenda mto Gura, kule Nyeri.

Gura huanzia juu katika milima ya Nyandarua, ambayo wengi huiita Aberdare. Maji yake huporomoka kutoka majabali marefu, kisha hukimbia kwa kasi kuelekea mashamba ya watu, na mwisho wake huingia mto Tana. Ni maji baridi kiasi kwamba ukitia mguu unatamani kuutoa kabla hujahesabu kumi. Humo anaishi samaki aitwaye trauti. Hakuwa wa hapa kwetu. Mayai yake yaliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, na mlowezi aitwaye Ewart Grogan. Tangu hapo trauti wamezaana wenyewe katika vijito vya milima yetu, kizazi baada ya kizazi, hata leo wako wa porini kabisa, wasiolishwa na mtu.

Aliyetuongoza ni kijana wa huko huko. Alinipa ufito mwepesi, mshipi, na chambo ambacho nilipokiona nilicheka. Kilikuwa ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi, ikafanana na mdudu anayeelea majini. Nikakishika, nikatembea moja kwa moja hadi ukingoni kama mtu anayekwenda kuchota maji. Kijana akanivuta shati.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "kivuli chako kimefika mtoni kabla yako. Hapo sasa hakuna kitu."

Tukarudi nyuma. Akanieleza kwamba trauti husimama akiuelekeza uso wake kule maji yanakotoka, nyuma ya jiwe, mahali ambapo mkondo haumchoshi lakini humletea wadudu wa kula. Kwa hiyo mvuvi humwendea kutoka chini, nyuma yake. Hutembea polepole, kwa maana samaki huzisikia hatua zako mwilini mwake kabla hajakuona. Ukifika karibu, unapiga magoti. Si kwa kusali, ingawa inafanana. Ni ili usionekane mkubwa.

Nilipiga magoti karibu asubuhi nzima. Nilipata samaki mmoja, asiyezidi urefu wa kiganja changu na vidole vyake. Nilipotaka kumshika, kijana akanizuia tena: "Lowesha mikono kwanza, mzee. Mkono mkavu unambandua ule ute unaomkinga. Ataondoka mzima, afe kesho." Nikalowesha mikono, nikamtoa ndoana, nikamwachilia. Akatulia kidogo katika viganja vyangu, kisha akaenda zake.

Njiani kurudi nyumbani sikumfikiria samaki. Nilimfikiria mpiga kinanda.

Miaka michache iliyopita kanisani kwetu tulikuwa na kijana aliyepigia kwaya kinanda. Alipoteza kazi, akaona aibu, akapotea miezi mitatu. Jumapili moja nikamwona ameingia kimya, ameketi benchi la nyuma karibu na mlango. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya matangazo. Nikafurahi kweli kweli. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Leo mwana mpotevu amerudi! Hebu simama, ndugu, kanisa likuone." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Akasimama, akaketi. Wakati wa sadaka nilipotupa macho nyuma, benchi lilikuwa tupu. Hakurudi tena.

Kwa muda mrefu nilijitetea. Nilisema sikumtukana, nilimkaribisha. Nilisema kama imani yake ingekuwa na mizizi asingekimbia kwa neno dogo. Kule Gura nikaelewa kwamba kivuli changu kilimfikia kabla yangu.

Turudi kwenye Luka 15, mfano niliouharibu kwa kipaza sauti. Yule baba anamwona mwanawe akiwa bado mbali. Haketi barazani kumngojea apite kijijini huku watu wakimtazama matambara yake. Anakimbia yeye, anamkuta njiani, anamkumbatia. Kisha anaagiza vazi, pete na viatu. Sherehe inakuja baada ya vazi. Wageni walipofika kula yule ndama, walimkuta kijana aliyekwisha kuvikwa. Mimi nilianza na sherehe, nikamsimamisha mtu mbele ya umati akiwa bado na matambara yake.

Tazama pia Yohana 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu, tena kando ya moto wa makaa. Yesu anamngoja ufukweni, naye amewasha moto wa makaa, na juu yake pana samaki na mkate. Lile swali zito juu ya upendo linakuja baada ya kula. Kwanza kifungua kinywa, ndipo mazungumzo. Ni mara ngapi sisi tumeanza na swali, na chakula tukakisahau kabisa?

Kuna jambo jingine kuhusu ile mito ambalo lafaa tulikumbuke. Mayai ya trauti ni dhaifu. Yakipata joto yanakufa, yakikauka yanakufa. Kuyatoa Uskoti hadi Nyandarua mwaka 1905, kwa meli, kwa reli, na mwisho kwa miguu, kulihitaji uangalifu wa hali ya juu. Lakini Grogan huyo huyo, mwaka 1907, aliwachapa viboko hadharani wavuta riksho wa Kikuyu mbele ya mahakama Nairobi, akahukumiwa kifungo kwa kosa hilo. Mkono uliojua kulitunza yai la samaki haukujua kumheshimu mwanadamu.

Ni rahisi kumhukumu. Lakini tujiulize sisi tulioketi kanisani leo. Tunavitunza vyombo vya muziki kwa kitambaa laini. Vikombe vya meza ya Bwana tunavishika kwa mikono miwili. Halafu tunasoma majina ya wasiomaliza ahadi zao za mchango kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Msichana aliyepata mimba tunamwondoa kwaya kwa tangazo. Mgeni anayetaka tu kuketi na kusikiliza tunamsimamisha, tunamuuliza ametoka wapi na ameokoka lini. Kisha katika vikao vyetu tunashangaa vijana wamekwenda wapi.

Najua kila mfano una mwisho wake. Mvuvi wa trauti hushinda kwa hila. Mdudu wake ni wa bandia, na ndani yake mna ndoana. Injili haiko hivyo. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba ameyakataa mambo ya hila katika kazi yake (2 Wakorintho 4:2). Basi tusijifunze chambo. Tujifunze kupiga magoti, tujifunze mikono iliyoloweshwa. Tena upole si kunyamaza juu ya dhambi. Baada ya mkate na samaki, Bwana alimuuliza Petro swali lile lile mara tatu, hadi Petro akahuzunika. Ukweli ulisemwa wote. Ila ulisemwa na rafiki aliyekuwa amewasha moto.

Wiki mbili baada ya safari ile nilimtafuta mpiga kinanda. Sikwenda na ujumbe wa wazee, wala sikubeba Biblia mkononi. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Nilimwomba radhi. Nilimwambia, "Mwanangu, siku ile nilikuaibisha. Nilikosa." Aliinamia simu aliyokuwa ameifungua, akakaza skrubu moja, kisha akaniambia, "Keti, mzee. Chai inakuja." Tulikunywa chai. Hakusema habari za kanisa, nami sikuuliza. Nimekwenda mara nne tangu hapo. Hajarudi kwenye ibada. Lakini mara ya mwisho, nilipoaga, aliniuliza kama kile kinanda bado kina ile noti isiyolia.

Mpendwa, bila shaka unalo jina moja moyoni mwako unaposoma haya. Labda ni mwanao, dada yako, au jirani mliyekuwa mkiketi naye benchi moja. Juma hili usimtumie ujumbe wa kumuuliza amepotelea wapi. Mwendee polepole, peke yako. Ukiwa ulimkosea, anza na hilo. Kama kuna chai, inywe. Na wewe uliye na kipaza sauti kanisani leo, ukimwona aliyeketi karibu na mlango, mwache aketi. Baada ya ibada mfuate, umshike mkono.

Ee Bwana, uliyetungoja ufukweni na moto umewaka, utupunguzie ukubwa wetu, ili watu wako wakuone wewe kabla ya kuona kivuli chetu. Amina.

Jumapili njema.