Usimlaumu wifi kabla hujaikagua waifai

Mwezi huu tuwape mapumziko wakwe na nyumba ndogo. Nataka tuongee kuhusu kile kidude chenye taa kinachokaa karibu na TV, maana nimeshuhudia kwa macho yangu kikitaka kuvunja nyumba ya watu.

Nilikuwa Gairo, pale karibu katikati ya Morogoro na Dodoma, nimemtembelea shosti wangu wa tangu shule. Yeye ni mwalimu. Mumewe ananunua mahindi na maharage, siku nyingi yuko njiani. Wanaishi na wifi yake, binti aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri matokeo. Shosti anasoma shahada ya pili Chuo Kikuu Huria, na kazi yake ilitakiwa itumwe kwa intaneti Jumapili kabla ya saa sita usiku. Mimi nafika Ijumaa, nakuta intaneti imegoma na nyumba nzima imenuna.

"Ni huyu wifi," akaninong'oneza jikoni. "Usiku kucha sinema. Bando la mwezi linakwisha wiki mbili! Nimeshamwambia kaka yake, Jumatatu arudi kwao Nongwe."

Nikachungulia chumbani kwa binti. Begi limeshafungwa. Hakusema kitu, alikuwa anakunja kanga zake tu. Na kaka mtu huko aliko, kila simu ikiita anaikwepa. Mnajua wenyewe: akimtetea dada, hampendi mke, akimtetea mke, kamtupa damu yake.

Nikasema jamani, kabla mtu hajapandishwa gari, tuanze kukikagua hiki kidude.

Barabara ni mbili

Wengi wetu tunachanganya waifai na intaneti. Waifai ni safari fupi, kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu yako. Intaneti ni safari ndefu, kutoka kwenye ruta mpaka mnarani, na kutoka mnarani kwenda duniani. Safari yoyote ikikwama, wewe unaona kitu kilekile: kiduara kinazunguka tu.

Kipimo chake ni rahisi. Simama karibu kabisa na ruta, fungua ukurasa wowote. Ukifunguka pale halafu ukagoma chumbani, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ukigoma hata pale, huku simu inaonyesha waifai imejaa, tazama njia ya nje: bando limekwisha, laini ina tatizo au mnara haupatikani vizuri. Kuna vifurushi vinavyoitwa vya bila kikomo ambavyo ukishatumia kiasi fulani kasi inapunguzwa, kwa hiyo soma masharti yako. Jaribu pia simu ya pili. Ikiwa moja tu ndiyo inagoma, shida ni ya simu hiyo. Ufute mtandao huo kwenye simu, kisha ujiunge upya.

Kwa shosti, karibu na ruta ukurasa ulifunguka kwa kujikokota. Chumbani, hakuna kitu. Yaani magonjwa yote mawili.

Ruta siyo ua la plastiki

Unajua ruta ilikaa wapi? Ndani ya kabati, nyuma ya TV, imefunikwa kitambaa cha kufuma! Inapendeza, sikatai. Lakini ruta inayotumia laini ina kazi mbili: kuusikia mnara na kusema na simu zenu. Ukiificha nyuma ya TV, unaiziba masikio na mdomo. Bati, friji, kioo kikubwa cha kujitazamia na pipa la maji navyo ni maadui wa mawimbi. Na kitambaa kinaongeza joto, nalo joto halipatani na vyombo vya umeme.

Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na dirisha linalotazama upande wa mnara. Gairo ni nchi ya vilima, hata kuisogeza futi mbili tatu kunaweza kuleta tofauti. Sisi tulihama nayo dirisha hadi dirisha, kila mahali tunasubiri dakika mbili na kutazama taa za mawimbi. Kabatini ilikuwa taa moja. Dirisha la chumba cha kulia zikawaka tatu.

Ruta nyingi za siku hizi zinarusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini yanachoka haraka yakikutana na kuta. Ya gigahezi 2.4 yanafika mbali zaidi, ila yana msongamano, na hata maikrowevu ikiwaka yanaweza kuvurugika. Kwa hiyo sebuleni tumia 5, chumba cha mbali tumia 2.4.

Halafu kuna dawa ya bibi: zima na washa. Chomoa umeme, hesabu taratibu mpaka thelathini, rudisha, subiri dakika mbili tatu. Ila chonde chonde, kile kitufe kilichojificha kwenye tundu usikichokoe na sindano kama hujui unachofanya. Kinafuta mipangilio yote.

Nani anakula bando?

Hapa ndipo penye kesi yenyewe. Chini ya ruta kuna karatasi yenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Iandike kwenye kompyuta pale unapoandikaga anwani za tovuti, ingiza neno la siri la ruta, utaona orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Nikamwita binti atusomee, maana macho yake ni mazima kuliko yetu.

Akahesabu. Kumi na tatu!

Ndani ya nyumba tulikuwa na simu tatu pamoja na yangu, kompyuta na TV. Vitano. Hivyo vinane ni vya nani? Neno la siri lilikuwa jina la mtoto wao na 123 mbele yake. Shosti akampigia mumewe, safari hii akapokea. Kimya kidogo. "Mke wangu, si wale vijana wawili waliokuja kuangalia mpira? Niliwapa siku moja tu." Vijana wawili wakawapa wenzao, na ndiyo sababu kila jioni ukuta wa nyuma ulijaa watu wameinamia simu.

Tukaendelea. Kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu inayoonyesha kila programu imekula data kiasi gani. Ya binti: mitihani ya miaka iliyopita, muziki, na sinema moja ambayo hata hakuimaliza. Ya shosti mwenyewe: kila picha na kila video ya harusi na vikao vyake ilikuwa inajinakili mtandaoni yenyewe kila simu ikionja waifai. Shosti akaangalia pembeni.

Tulichofanya hapo na wewe ukifanye. Weka neno la siri refu lisilo na jina la mtu wa nyumbani. Chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 kama ruta yako inao. Badilisha pia neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Wageni wafungulie mtandao wa wageni, ruta nyingi zinao. Picha zijinakili kwa kibali chako.

Na ikiwa kosa haliko kwenu?

Hutokea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi za jirani. Siku kama hiyo hata uzime na kuwasha mara mia ni kazi bure. Muulize kwanza jirani wa mtandao mwingine. Ukipiga simu huduma kwa wateja, uwe na majibu: taa ipi inawaka, tangu lini, na vifaa vingapi vimegoma.

Turudi Gairo. Jumamosi asubuhi shosti aliingia chumbani kwa binti, akakaa kitandani kando ya lile begi. "Wifi yangu, nimekukosea. Nilisema maneno kabla sijajua." Binti akalia, na shosti naye akalia, mimi nikaenda zangu kuchemsha chai. Niliporudi begi lilikuwa tupu. Neno la siri jipya alilitunga binti mwenyewe, na kaka mtu akaambiwa akirudi ataliomba kwa adabu.

Kazi ya chuo ilitumwa Jumapili saa nne usiku, kutoka pale dirishani.

Basi mpenzi msomaji, ikigoma kwako, anza na ruta, kisha bando, kisha orodha ya vifaa. Watu wako waache wawe wa mwisho kabisa kushukiwa. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.