Mashine za kusaga Kilwa: Fundi apime kwanza, ndipo afunge

MASHINE ya kusaga ikizimika Njinjo au Somanga, mwenyewe hapotezi malipo ya siku hiyo tu. Kina mama huondoka na ndoo zao za mahindi na muhogo, na kipuri hufuatwa Dar es Salaam, takriban kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko.

Wakati mwingine hasara hiyo huanzia mikononi mwa fundi anayefunga silinda hedi bila kupima nafasi iliyobaki kati yake na pistoni inapofika juu kabisa. Hedi ikichongwa, au pistoni na gasketi zikibadilishwa, nafasi hiyo nayo hubadilika. Ikiwa ndogo mno, pistoni itagonga hedi.

Dawa ya haraka ni kuweka gasketi mbili. Kugonga kunakwisha, lakini kompresheni inashuka. Chukua injini ambayo pistoni yake hupanda milimita 115 na kompresheni ni 20 kwa 1. Gasketi ya pili ya milimita 1 tu huishusha hadi karibu 17 kwa 1. Injini ya dizeli haina plagi. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Joto likipungua, mashine huwaka kwa taabu asubuhi, hutoa moshi mweupe na hula mafuta zaidi. Faida ya mwenye mashine inatoka na moshi huo.

Kupima si kazi ngumu. Vipande vya waya laini wa risasi huwekwa juu ya pistoni, mbali na valvu. Hedi hufungwa na gasketi, na flaiwili huzungushwa taratibu kwa mkono. Hedi ikifunguliwa, unene wa risasi iliyobanwa ndiyo nafasi yenyewe. Hulinganishwa na kitabu cha injini, kwani kila aina ina kipimo chake.

Wapo watakaolalamika kwamba gasketi iliyokwisha kubanwa haifai kufungwa tena. Ni kweli, lakini gasketi moja haiwezi kulinganishwa na bei ya pistoni, konrodi na hedi.

Wenye mashine wasilipe ufundi kabla ya kuonyeshwa kipande hicho cha risasi. VETA, yenye chuo mjini Lindi, nayo ingefanya jambo jema kuwafikishia mafundi wa vijijini mafunzo mafupi ya vipimo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.